Lakini ya Mama Riziki

Pale Nyabisaka, kwenye ukanda wa nyumba ulioshikamana na ziwa kusini mwa mji wa Rumonge, ugomvi wa vichanja ulikuwa haukosi. Kila mwanamke alitaka kitanda chake cha kuanikia ndagala, dagaa wa ziwa hilo, kiwe mahali ambapo jua hufika mapema na mbuzi hawafiki, na mahali pa namna hiyo palikuwa pachache. Walitukanana mpaka wakawagusa marehemu. Kisha mtu mmoja angesema, "Mwiteni Mama Riziki," na kelele zingeanza kupungua hata kabla hajatokea.

Hakuwa mkali. Alisikiliza upande wa kwanza mpaka ukaishiwa maneno, akasikiliza wa pili, na ikibidi alisogeza kichanja chake mwenyewe kivulini ili mwingine apate jua. Baada ya hapo nani angebaki na uso wa kubisha? Ndiyo maana kura zilipopigwa za kuchagua baraza la kolini, kama wanavyoita kule eneo dogo la chini kabisa la utawala, wanawake walimsukuma mbele yeye, mjane wa mvuvi, pamoja na Beatrisi, jirani yake Mkristo aliyekulia kambini Tanzania na kurudi na Kiswahili cha Kigoma kilichonyooka.

Mume wake Amissi alivua kwa taa miaka mingi hadi kifua kilipomwondoa. Binti yao aliolewa Uvira, ng'ambo ya ziwa. Lakini ukimuuliza Riziki, maana hilo lilikuwa jina lake mwenyewe, ana watoto wangapi, alisema wawili, na wa pili alikuwa Nasiri, mtoto wa marehemu mdogo wake Aisha, aliyemwacha akiwa bado ananyonya. Riziki alimlea kwa uji wa muhogo na mgongo wake. Nasiri alilala juu ya magunia ya ndagala, alisoma kando ya vichanja, akaenda hadi chuo kikuu Bujumbura na kurudi na suruali iliyopigwa pasi. Komini, utawala ulio juu ya kolini, ilimpa kazi ya konseye, yaani mshauri, wa maendeleo. Siku hiyo Riziki alichinja jogoo, akaita Waislamu na Wakristo, akawaambia, "Sasa tuna mutu wetu ndani."

Ziwa lilianza kupanda mwaka ule wa korona. Kwanza watu walicheka, maana ziwa hupanda na kushuka kama pumzi ya mtu aliyelala. Lakini safari hii lilivuta pumzi bila kuitoa. Likala ufuko, likala vichanja vya mbele, likaingia jikoni kwa Barnaba mshona nyavu na kukaa humo kama mgeni asiyeaga. Vyoo vikajaa. Mto ulioshuka kutoka milimani ukakosa pa kumwagia, ukageuka na kuingia mashamba ya muhogo. Familia za mstari wa chini zikahamia chini ya maturubai, kando ya barabara kuu ya lami.

Nyumba ya Riziki ilikuwa juu kidogo, karibu na msikiti, na maji yaliishia kwenye mwembe wa jirani. Hakujiona mwenye bahati. Alijaza familia mbili uani na kugawana nao moto.

Ilikuwa siku ya Idi ndipo Nasiri alipokuja na habari. Alikula pilau, akalamba vidole kama zamani, kisha akanawa na kukaa sawa.

"Mama mukubwa," alisema, "Bujumbura iko inaandikwa mpango wa taifa, wa namna nchi itaishi na hii hali ya hewa iliyobadilika. Safari hii hawataki kuandika peke yao. Kila komini inapeleka maoni yake. Nami nimesema, pwani isemewe na mutu wa pwani."

"Nani?"

"Wewe."

Riziki alicheka. "Mimi nitasema nini mbele ya watu wa Bujumbura?"

"Sema kile watu wanataka. Wakusanye, uwaulize, halafu uje ukiseme mbele ya kamera na redio. Wakisikia mutu wa baraza la kolini ameongea, hakuna ataweza kusema pwani haikuulizwa."

Aliondoka akiwa amebeba bakuli la pilau la mkewe. Riziki alisimama mlangoni akimtazama hadi alipopinda msikitini, na moyo ulimjaa.

Alifanya kazi ile kama anavyofanya mtu aliyeaminiwa. Pamoja na Beatrisi alipita hema kwa hema. Watu walibishana vikali. Wazee hawakutaka kusikia neno kuhama. Vijana walisema ziwa limeshawahamisha, kilichobaki ni kuchagua pa kuangukia. Mwishowe wote, hata Barnaba aliyekuwa hataki kutoka jikoni mwake, walikubaliana juu ya kitu kimoja. Upande wa juu wa barabara kulikuwa na shamba la michikichi ya serikali, miti iliyozeeka ambayo haikutoa tena ngazi za chikichi za maana. Wapewe pale wajenge. Kutoka pale mwanamke angeweza kushuka ziwani asubuhi na kurudi kupika mchana. Wahamie pale, na si pengine.

"Ukienda kusema," Barnaba alimwonya, "usianze na shukrani nyingi. Ukianza na shukrani watafikiri umemaliza."

Mkutano ulifanyika katika ukumbi wa komini. Palikuwa na maji ya chupa mezani na kitambaa kikubwa ukutani chenye maandishi ya Kifaransa. Wageni kutoka Bujumbura walisema maneno marefu. Kisha Nasiri akainuka na kumwita "mheshimiwa Riziki wa baraza la kolini ya Nyabisaka", na Riziki akasimama, akajifunga kitenge vizuri.

"Amahoro," alisalimia kwa Kirundi. "Sisi watu wa Nyabisaka tuko tayari kuhama. Tumekubali wenyewe, hakuna aliyetusukuma."

Ukumbi ukapiga makofi. Aliinua mkono, akangoja makofi yaishe.

"Lakini," akasema, "hatuhami kwenda mbali na ziwa. Mutupe pale juu ya barabara, kwenye michikichi ya serikali. Mutu wa ndagala ukimupeleka milimani, umemuhamisha na njaa yake. Hiyo lakini yangu, muiandike kama mulivyoandika ndiyo yangu."

Watu wakapiga makofi tena, ingawa mezani kwa wageni makofi hayo yalikuwa machache. Nasiri aliandika kitu, hakuinua uso. Walipotoka nje alimshika mkono, akamwambia, "Umesema vizuri, mama mukubwa," na Riziki akarudi nyumbani akiwa mwepesi kama msichana. Wanawake walimpokea kwa vigelegele.

Miezi ikapita. Ziwa lilishuka kidogo, likapanda tena.

Siku ile redio iliposema, wanawake walikuwa kwenye vichanja. Beatrisi alikuwa ametundika redio yake ndogo juu ya mti wa kichanja, na walikuwa wakigeuza ndagala huku wakiimba juu ya tangazo la sabuni. Mtangazaji akasema mpango wa taifa umezinduliwa katika hoteli moja ya Bujumbura, na kwamba kila komini ilisikilizwa. Kisha akasema, sasa msikilizeni mwakilishi wa wakazi wa pwani.

"Huyo ni wewe!" Beatrisi alipiga kelele. "Nyamazeni! Ni Riziki!"

Sauti ikatoka, nyembamba, yenye mkwaruzo, lakini yake. *Sisi watu wa Nyabisaka tuko tayari kuhama. Tumekubali wenyewe, hakuna aliyetusukuma.* Kisha makofi. Riziki alikuwa ameshaanza kutabasamu, anangoja sehemu inayofuata. Haikuja. Baada ya makofi alirudi mtangazaji, akasema kwamba kwa ridhaa yao wenyewe wakazi hao watahamishiwa uwanda wa Nyakabondo.

Nyakabondo iko nyuma ya milima. Ukiwa kule huoni ziwa, wala hulisikii.

Hakuna aliyeendelea kugeuza ndagala. Riziki aliwatazama mmoja mmoja. "Nilisema mengine," alisema. "Beatrisi, si nilikuambia? Nyinyi wengine mulikuwa nje ya dirisha pale, si mulisikia?"

Kweli walikuwepo wachache. Lakini waliokuwepo walikuwa wamesikia makofi zaidi ya maneno, na sasa redio ilikuwa imesema. Beatrisi alikuwa hospitali na mjukuu wake siku ya mkutano. Aliishusha redio, akaizima polepole.

"Dada Riziki," alisema, "mimi nakuamini. Lakini sauti ni yako."

Jioni habari zilifika kwenye hema zote. Barnaba hakuja kugombana. Alipita tu mbele ya nyumba yake na nyavu begani, akasema bila kusimama, kwa sauti ya kawaida, "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, Mama Riziki." Familia mbili zilizokuwa uani zilifunga vyombo vyao kesho yake. Walimshukuru kwa adabu, na adabu hiyo ndiyo iliyomkata zaidi.

Ijumaa, baada ya sala, Riziki alipanda mjini Rumonge hadi nyumbani kwa Nasiri. Mkewe, Raisa, alimkaribisha, akaleta chai. Nasiri alitoka chumbani akiwa bado amevaa kanzu.

"Mama mukubwa, kaa kwanza."

"Lakini yangu iko wapi?"

Nasiri alielewa mara moja. Hakuuliza lakini gani. Alikaa, akavuta kikombe, akakizungusha bila kunywa.

"Mpango wa taifa haiwezi kuweka kila neno la kila mutu. Walitaka jibu moja kutoka kila komini, jibu safi. Kuhama ama kutohama. Mulisema kuhama."

"Nani aliikata?"

"Mama..."

"Nasiri. Mutu wa redio ama wewe?"

"Ilipita mikononi mwangu," alisema. "Ile ardhi ya michikichi ina mwenyewe. Kuna wenye pesa wanajenga maghala pale, ya bandari. Mimi ni konseye tu, sikuamua. Ningepeleka maneno yako yote, wangeniondoa, na wangeweka mwingine ambaye hata hajui Nyabisaka iko wapi."

"Imepata mwenyewe tangu lini?"

Raisa alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya sambusa. Alikuwa mwanamke mpole ambaye kwa kawaida hakuingilia mazungumzo ya mumewe. Alisema, "Tangu kabla ya Ramadhani."

Nasiri aligeuka kumtazama mkewe. Raisa akaweka sinia mezani na kurudi ndani.

Kabla ya Ramadhani. Riziki alihesabu nyuma bila kutaka. Basi siku ya Idi, alipokaa kwenye mkeka wake akilamba vidole, alikuwa anajua. Alipomwambia akawaulize watu, alikuwa anajua jibu halina pa kwenda. Siku aliyomshika mkono nje ya ukumbi na kumwambia umesema vizuri, alikuwa anajua ni kipande kipi kimesemwa vizuri.

"Kwa nini mimi?" aliuliza. "Komini nzima ina watu. Kwa nini ukaja kunichukua mimi?"

Na labda kwa mara ya kwanza siku ile Nasiri alisema kweli bila kuipamba. "Kwa sababu wewe wanakuamini. Ukisema wewe, hakuna anabisha."

Riziki alishika ukingo wa meza. Alitamani amwone anadanganya. Uongo angeweza kuusamehe.

"Nyumba yako nimehakikisha haiguswi," Nasiri aliongeza haraka. "Haimo kwenye eneo la kuhamishwa. Nilipigania hilo, mama mukubwa. Wewe utabaki ziwani."

Alidhani anampa zawadi. Riziki alisimama, akajifunga mtandio, akatoka bila kugusa chai. Njiani kurudi ndipo alipofahamu vizuri uzito wa zawadi ile. Watu wote watahamishwa, na yeye aliyesema ndiyo kwenye redio atabaki. Hata angekuwa ameuza Nyabisaka kweli, asingepata kitu kinachofanana na malipo kuliko hiki.

Hakukaa kimya. Alikwenda komini kumwona mkubwa wa pale, akaambiwa maoni ya wananchi yameshapokelewa na mlango wa maoni umefungwa. Alimtafuta mtangazaji, binti mmoja anayeitwa Schékinah, aliyemwapia kwamba kipande kililetwa redioni kikiwa kimeshakatwa. Binti huyo alikuwa na moyo. Alimrekodi Riziki upya, maneno yote, na kuyatangaza. Lakini yalitangazwa mchana mmoja, kati ya matangazo ya vifo na matokeo ya mpira, na wachache waliosikia Nyabisaka walisema, "Sasa anajisafisha." Schékinah aliitwa na wakubwa wake, hakurudi tena kwenye kipindi kile.

Beatrisi pekee aliendelea kumsalimia. Salamu yenyewe ilikuwa fupi, kama ya mtu anayepita mbele ya nyumba yenye msiba ambao hajui asili yake.

Malori yalikuja kiangazi. Yalisimama kando ya maturubai, na watu wakapakia magodoro, sufuria, milango waliyoing'oa, nyavu ambazo hakuna aliyejua zitafanya nini kule. Wengine walikataa, wakaenda kwa ndugu zao Kabonga. Barnaba alipanda lori la kwanza, akakaa juu ya mzigo wake na mgongo ameupa ziwa.

Wakati lori la pili linafungwa, Riziki alitokea kwenye njia ya msikitini. Alikuwa amebeba godoro kichwani, na nyuma yake mkokoteni wa kukodi uliobeba sufuria zake, sanduku na mlango wa nyumba yake. Mtu wa komini aliyekuwa anasimamia alimzuia.

"Mama, wewe hauko miongoni mwa hawa. Nyumba yako inabaki."

"Nilisema sisi watu wa Nyabisaka tuko tayari kuhama," Riziki alimjibu. "Hukusikia redio? Mimi ni mutu wa Nyabisaka."

"Lakini mama, kule ni—"

"Najua kule ni wapi. Nipandishe."

Watu waliokuwa juu ya lori walitazamana. Hakuna aliyepiga makofi. Hakuna aliyemwambia neno jema. Ila mwanamke mmoja alisogeza kuku wake, na Beatrisi akanyoosha mkono kumvuta juu. Barabara ilipopinda mlimani na ziwa likapotea, wanawake walianza kulia, na Riziki akalia pamoja nao, lakini kando kidogo, maana hakujua kama bado ana ruhusa ya kulia nao.

Nyakabondo palikuwa na upepo mkavu na ardhi ya mawe mekundu. Walipewa viwanja vilivyopimwa vizuri kwa kamba, na bomba moja ambalo lilitoa maji siku lilipopenda. Kwenye kibao cha pale pa kuingilia liliandikwa neno la Kifaransa ambalo watu walisema maana yake ni kuzoea. Riziki alipewa kiwanja cha mwisho kabisa, kwa sababu hakuhesabiwa. Alilima maharage kama wengine, na kama wengine maharage yalimshinda mara ya kwanza. Wanaume wengine walishuka ziwani kwa wiki nzima kuvua na kulala mchangani, wengine hawakurudi. Vichanja havikuwepo, wala ugomvi wa vichanja, na Riziki hakuitwa tena na mtu yeyote kuamua jambo. Uchaguzi wa baraza ulipofika walimchagua Beatrisi na kijana mmoja wa kijiji cha Gatete. Yeye mwenyewe aliwapigia kura hao.

Nasiri alikuja mwaka wa pili, baada ya mvua za kwanza, kwa gari la mradi, akiwa amevaa viatu vya buti vipya. Alikuwa amepandishwa cheo. Sasa alifanya kazi Bujumbura, kwenye ofisi ya mpango wenyewe, akizunguka kuona jinsi unavyotekelezwa. Alimkuta Riziki anapalilia.

"Asalaam aleikum, mama mukubwa."

"Waaleikum salaam." Alinyooka, akafuta mikono. Aliingia ndani, akatoa kiti pekee alichokuwa nacho, akakifuta vumbi kwa upindo wa kitenge. "Karibu, konseye. Kaa."

Nasiri hakukaa. "Usiniite hivyo."

"Nikuite nani? Umepanda cheo? Nisamehe, huku habari zinachelewa."

Alimletea maji kwenye kikombe kisafi, kwa mikono miwili, kama unavyomletea mgeni mkubwa. Nasiri alikipokea, macho yakimjaa maji. Alisema amejenga nyumba Bujumbura, ina chumba chake. Alisema Raisa anamwomba aje, watoto wanamuulizia bibi. Alisema huku hakufai mtu wa umri wake. Alisema mengi, na Riziki alimsikiliza mpaka akaishiwa maneno.

"Murakoze," alimshukuru hatimaye. "Muambie Raisa namsalimu sana. Yule ni mutoto mwema, alinipa kweli siku nilipoihitaji. Watoto uwalete wanione, wasikue hawanijui. Lakini mimi siji."

"Mama mukubwa, nilikosea. Nakuomba."

"Nimesikia."

Alichukua jembe lake. Nasiri akakiweka kikombe juu ya kiti na kuondoka. Gari liliinua vumbi jekundu likashuka. Kwenye kizingiti aliacha mfuko wa sukari na mchele, na Riziki hakuutupa; chakula hakina kosa. Aliubeba akaenda nao kiwanja cha jirani ambako wanawake walikuwa wanapukuchua mahindi, akaufungua katikati yao.

Barnaba alikuwa pale, anashona ungo kwa uzi wa nyavu. Aliutazama mfuko, akautazama uso wa Riziki.

"Yule alikuwa mwanao?"

"Mutu wa komini," Riziki alisema. "Alipita kuangalia."

Barnaba alitikisa kichwa taratibu. Alisogea kidogo kwenye gogo alilokalia, nafasi ya mtu mmoja, akaendelea kushona. Riziki aliitazama nafasi ile kwa muda. Kisha akakaa, akavuta hindi la kwanza na kuanza kupukuchua, na wanawake wakaendelea na mazungumzo yao ya bomba, kwamba leo limetoa maji na kesho nani ajue.